Alama unayoingoja ndiyo ya mwisho

Wazazi wengi huanza kuwaza mazungumzo ya balehe siku binti anapoona damu kwa mara ya kwanza, au siku kijana anapopokea simu na mpigaji akadhani anaongea na baba mwenye nyumba. Kwa hesabu ya mwili, siku hizo zimeshachelewa. Binti anayevunja ungo akiwa na miaka 12 na nusu alianza kubalehe akiwa na miaka 10 hivi, na sauti ya mvulana hukatika wakati balehe yake imeshafika mbali. Ukichunguza mivutano mingi ya nyumbani katika umri huu, utakuta mzazi anahesabu kuanzia alama ya mwisho, na mtoto ameishi peke yake na zile zilizotangulia.

Mwanzo wenyewe hauonekani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huanza kutoa homoni kwa mapigo mafupi, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini. Tezi ya pituitari huupokea ujumbe na kuziamsha ovari au korodani, nazo huanza kutengeneza estrojeni au testosteroni.

Kwa msichana, alama ya kwanza kwa kawaida ni kidonge kigumu chini ya chuchu, kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi huanza upande mmoja, na wa pili ukafuata baada ya miezi kadhaa. Huuma kikiguswa. Mama asiyelijua hili huhofia saratani; binti asiyelijua huhofia hivyo hivyo, ila yeye hamwambii mtu. Hakihitaji kukandwa wala kuminywa. Kisha huja nywele za kinena, urefu unaofyatuka ghafla, na ute mweupe kwenye chupi miezi 6 hadi 12 kabla ya damu. Hedhi hufika miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya kile kidonge cha kwanza. Hapo kasi ya kurefuka imeshapungua, na wengi huongeza sentimita chache tu.

Kwa mvulana, kinachotangulia ni korodani kuongezeka ukubwa, kati ya miaka 9 na 14, jambo ambalo hakuna mzazi anayeliona. Hufuata nywele, uume kukua, ndoto nyevu karibu na miaka 13, sauti, na ndevu mwishoni. Kurefuka kwake huchelewa karibu miaka miwili nyuma ya wasichana, ndiyo maana ukiingia darasa la sita utakuta wasichana wengi wamewapita wavulana kwa urefu.

Tofauti kati ya watoto ni kubwa, na nyingi ni za kawaida. Mipaka ya kumwona daktari ni hii: matiti kabla ya miaka 8, au korodani kukua kabla ya miaka 9, binti asiye na dalili ya matiti akiwa na 13, au asiyeona hedhi akiwa na 15 au miaka mitatu baada ya matiti kuanza, mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua akiwa na 14. Kuna na hali moja ambayo husahaulika: binti mwenye matiti kamili, hajawahi kuona damu, lakini tumbo la chini humshika kwa siku kadhaa kila mwezi. Huenda kizinda kimeziba njia yote na damu inakusanyika ndani. Upasuaji mdogo humaliza tatizo, ilhali dawa za minyoo, ambazo watoto hawa hupewa tena na tena, hazifanyi lolote.

Kwanza majina

Zamani kazi hii haikuwa ya mama wala ya baba. Pwani, msichana alikuwa na somo au kungwi wake. Kwingine walikuwapo bibi na shangazi. Wavulana walifundwa jandoni. Mpango huo ulikuwa na maana, kwa sababu mtu asiye mzazi huulizwa kwa aibu ndogo. Familia zilipohamia mjini kungwi alibaki nyuma, na siku hizi hutokea kwenye kicheni pati, sherehe ya kumfunda bibi harusi, miaka kumi na zaidi baada ya kuhitajika. Kama shangazi yupo na unamwamini, mtumie. Ila kubalianeni kwanza atasema nini, maana baadhi ya mafunzo ya unyagoni yalikusudiwa mwanamke anayekwenda kwa mumewe, na mbele yako yuko mtoto wa darasa la nne.

Hatua ya kwanza ni ndogo, nayo inafaa hata kwa mtoto wa miaka minne: viungo viitwe kwa majina. Uume, korodani, uke, tundu la mkojo, matiti, kinyeo. Mtoto anayejua "dudu" na "huko chini" tu anakosa vitu vitatu. Cha kwanza, hajui mwili wake ulivyo. Wasichana wengi hudhani mkojo na damu vinatoka tundu moja, na hujiuliza watakojoaje wakiwa mwezini. Cha pili, akishikwa vibaya hana namna ya kueleza kilichotokea, na "alinichezea" ni neno ambalo mtu mzima anaweza kulipuuza.

Cha tatu huwapata wavulana. Korodani inaweza kujisokota kwenye mshipa wake na kukatiwa damu, na jambo hili hutokea zaidi kati ya miaka 12 na 18. Maumivu huja ghafla upande mmoja, mara nyingi na kichefuchefu au kutapika, na korodani inayouma huweza kuonekana imepanda juu kuliko mwenzake. Ikirudishwa kwa upasuaji ndani ya saa 6, mara nyingi hupona. Zikipita saa 24, kwa kawaida imeshakufa. Sasa mfikirie kijana wa miaka 14 anayeamka saa nane usiku na maumivu hayo, na hajawahi kulitamka neno korodani mbele ya mzazi. Atasema "tumbo". Atapewa dawa ya kutuliza tumbo na kuambiwa alale mpaka asubuhi. Kila mvulana aambiwe kabla ya kutimiza miaka 12: "Korodani ikikuuma ghafla, niamshe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane." Kisha twende hospitali yenye chumba cha upasuaji, na tusisimame kwanza duka la dawa.

Kwa binti wa miaka 8 au 9, mazungumzo ya balehe hayahitaji kikao. Yanatosha maneno kama haya: "Miaka michache ijayo mwili wako utaanza kubadilika. Matiti yatakua, nywele zitaota, na siku moja utaona damu kwenye chupi. Si jeraha wala si ugonjwa. Ukiiona, njoo uniambie, hata kama nina wageni." Usiongeze mengine siku hiyo. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu mara ya kwanza atakuwa amesikia nusu.

Hedhi kwa vipimo

Mwandalie mkoba mdogo kabla hajauhitaji: pedi tatu, chupi moja, na mfuko wa kutia iliyotumika. Mwonyeshe pedi ikiwa nje ya pakiti, jinsi ya kubandua karatasi, gundi inashika chupi na si mwili, na mabawa yanakunjwa kwa nje. Linachekesha kwa mtu mzima, lakini watoto wengi huibandika kinyume siku ya kwanza. Hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata ikiwa haijajaa. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni atabadilisha kama saa nne na saa nane, kwa hiyo anahitaji pedi mbili za akiba begini, pamoja na choo chenye mlango na maji. Hilo la choo liulizwe shuleni na mzazi mwenyewe.

Taulo za kufua na vitambaa safi vya kanga ya pamba vinafaa kabisa. Vilowekwe kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi na doa halitoki tena. Vifuliwe kwa sabuni, visuuzwe mpaka maji yatoke meupe, vianikwe juani. Hapa ndipo mambo huharibika: kwa aibu, msichana huvianika chini ya kitanda au ndani ya nguo nyingine, vinavaliwa vikiwa na unyevu, na muwasho unaanza. Mtengee kamba uani inayopata jua. Sponji ya godoro isitumike. Hukatika vipande vikabaki ndani.

Damu ya hedhi nzima kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula, ingawa machoni huonekana kama ndoo. Huchukua siku 2 hadi 7. Katika miaka miwili ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 au 45, na mwezi mzima ukarukwa, kwa kuwa ovari bado hazijatulia katika kutoa yai. Mama anayehesabu siku 28 na kuona zimepita asirukie kumshitaki binti. Mnunulie daftari au kalenda aweke alama mwenyewe.

Damu imezidi ikiwa pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, na inayofuata vivyo hivyo. Ikipita siku 7. Au mabonge yakiwa makubwa kuliko kizibo cha soda. Binti wa namna hiyo huchoka, hupungukiwa damu, na wakati mwingine ana tatizo la damu kutoganda ambalo halijawahi kupimwa. Hospitali, si juisi ya rozela.

Maumivu husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoubana mfuko wa uzazi. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, kwa hiyo humezwa mapema, saa ya kwanza ya dalili. Ukingoja maumivu yakomae, zimeshamwagika. Kwa aliyetimiza miaka 12, miligramu 200 hadi 400 pamoja na chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu, hutosha. Asipewe mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa tumboni nayo husaidia kweli. Binti anayekosa shule kila mwezi hata baada ya hayo anahitaji kuchunguzwa, na "utapona ukizaa" si matibabu.

Kuhusu usafi: nje kwa maji, ndani bila kitu chochote. Ukeni wanaishi bakteria wanaotengeneza tindikali inayowazuia vijidudu wabaya, na sabuni, dawa ya kuua vijidudu, limao au shabu huwaangamiza hao walinzi. Ute mzito kama maziwa mgando wenye muwasho mara nyingi ni fangasi, ambao humpata hata asiyewahi kujamiiana. Ute wa kijani au wenye harufu ya samaki hupelekwa kituo cha afya. Ukianza na "umefanya nini?" hutaletewa dalili ya pili.

Kwa familia za Kiislamu kuna jambo la Ramadhani ambalo hupita kimya. Binti asiyefunga kwa sababu ya hedhi hujificha jikoni kula, ili kaka zake wasijue. Mama akitenga chakula chake bila maneno, amemfundisha mengi.

Mvulana aliyeachwa ajifunze mwenyewe

Wasichana angalau damu huwalazimisha wakubwa kusema neno. Mvulana huota, huamka na shuka bichi, hudhani amejikojolea au ameugua, na huifua nguo alfajiri kabla watu hawajaamka. Mtoto wa madrasa ana nafuu hapa: fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, humfundisha janaba na josho lake kwa uwazi ambao nyumba nyingi hazina. Wengine wote waambiwe wakiwa na miaka 11: "Usiku mwingine utaamka na majimaji mazito. Ni shahawa. Mwili umeanza kuzitengeneza na zinatoka zenyewe. Shuka weka kwenye beseni la nguo chafu." Na maana yake isemwe pia: tangu sasa anaweza kumpa mtu mimba.

Karibu nusu ya wavulana huota vijititi katikati ya balehe, na huweza kudumu miezi 6 hadi miaka miwili kabla ya kupotea. Anayeacha ghafla kuvua shati au kwenda kuogelea mara nyingi anaficha hilo. Uume kusimama darasani bila kuwaza chochote ni homoni. Ukubwa wake huendelea kuongezeka mpaka karibu miaka 17 au 18, na mvulana wa miaka 13 anayejilinganisha na picha za ngono kwenye simu atajiona ana kasoro. Mabango ya dawa za kurefusha na kunenepesha yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yanamlenga yeye.

Punyeto haipofushi, haileti utasa, wala haimalizi nguvu za kiume. Dini yenu inaweza kuikataza, na ni haki yenu kumfundisha hivyo, ila mweleze kwamba ni amri ya dini. Ukiipamba kwa ugonjwa usiokuwepo, ataukuta uongo huo mtandaoni kwa dakika mbili, na kila ulichomwambia kuhusu VVU kitaingia shaka. Tohara nayo ielezwe kwa kipimo chake: hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Asilimia zinazobaki zinatosha kumwambukiza.

Kujibu

Miongozo mingi humshauri mzazi aanze kwa kumuuliza mtoto amesikia nini. Kwa Kiswahili cha nyumbani ushauri huo una mtego: "Umesikia wapi hayo?" ni swali la askari, na kila mtoto aliyelelewa kwetu anajua linalofuata. Jibu kwanza, kisha uliza. Mtoto wa miaka 9 akisema, "Baba, kondomu ni nini?", yamkini ameona pakiti njiani. Mjibu: "Ni mpira mwembamba ambao mwanamume huuvaa kwenye uume wakati wa kujamiiana, kuzuia mimba na magonjwa. Ni vitu vya watu wazima." Nyamaza. Kama ana swali jingine, atalileta. Ukitaka kujua ya nje, sema, "Na wenzako wanasemaje?"

Binti wa miaka 14 anayeuliza, "Mama, mtu anaweza kupata mimba mara ya kwanza?" huenda anasuluhisha ubishi wa bweni. Jibu ni ndiyo, na linastahili hesabu yake. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 21 hulitoa karibu na siku ya 7. Mwenye wa 45, karibu na siku ya 31. Na msichana mdogo hajui mwezi huu ni wa ngapi. Mbegu za kiume huishi ndani hadi siku 5. Kwa hiyo katika mzunguko mfupi hata siku ya pili ya damu inaweza kuleta mimba, na "siku salama" kwa umri huu ni bahati nasibu. Tena yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo hata asiyevunja ungo anaweza kushika mimba.

Hofu kwamba kueleza ni kuruhusu imechunguzwa sana. Mwongozo wa UNESCO wa 2018, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, unaeleza kuwa elimu ya aina hii haiongezi vijana kuanza ngono, na mara nyingine huwachelewesha. Kinachomharakisha binti kina majina tunayoyajua: lifti ya bodaboda, chipsi, vocha, na yule mtu mzima ambaye Tanzania anaitwa fataki na Kenya sponsa. Mfundishe sentensi za kukataa na umpe nauli ya akiba, hata kama ni kidogo.

Mambo yenye saa yake

Chanjo ya HPV, kirusi kinachoenezwa kwa ngono, hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia ngono. Aina 16 na 18 za kirusi hiki ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania iliisambaza nchi nzima 2018, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kenya iliianza 2019 kwa wenye miaka 10. Haifungi kizazi.

Kama ngono imeshatokea, kwa hiari au kwa nguvu, saa inakwenda. Kidonge cha dharura, maarufu kama P2, hufaa zaidi kikimezwa mapema ndani ya saa 72, na nguvu zake hupungua kuelekea saa ya 120. Dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Aliyebakwa asioge wala asifue kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Tanzania kuna fomu ya polisi ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, Zanzibar vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyotoa huduma zote mahali pamoja, na namba 116 ya simu kwa watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya. Tiba itangulie, karatasi zifuate. Maneno ya kwanza yawe: "Nakuamini. Hukukosea."

Wenye wavulana nao wajue sheria. Ridhaa ya msichana wa shule aliye chini ya miaka 18 haikubaliki kuwa utetezi Tanzania wala Kenya, na mvulana wa miaka 17 mwenye mpenzi wa 16 anaweza kujikuta mahakamani. Hilo huwa hawaambiwi mpaka polisi waje.

Na kama mwanao ana miaka 15 na hamjawahi kuongea lolote? Usimwite sebuleni. Tafuta kazi ya mikono inayowafanya mtazame mbele, kama kumenya ndizi, kuosha vyombo au kutembea kwenda dukani, useme mara moja: "Kuna mambo nilipaswa kukwambia ukiwa na miaka tisa, nikachelewa. Ukitaka kuuliza chochote, sitakugombeza." Atajibu "najua", akitazama pembeni. Mwache. Baada ya siku kadhaa huenda akaleta swali la rafiki yake, ambaye hedhi imemchelewa au anakojoa kwa maumivu. Usimuulize huyo rafiki ni nani. Mjibu rafiki.